Kutoka Kigego hadi Dili: Historia ya Chuki Dhidi ya Watu Wenye Ualbino

Utangulizi

Kazi ya nadharia katika Chama cha wakulima na wafanyakazi ni kuchambua hali halisi ili vitendo vyetu visiwe vya kubahatisha. Jambo lisilochambuliwa huishia kulaaniwa tu, na laana peke yake haijawahi kumlinda mtu. Kwa miaka karibu ishirini sasa tumekuwa tukilaani mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Tumelaani katika mikutano ya hadhara, Bungeni, misikitini na makanisani. Tumefanya vema kulaani. Lakini tukiulizwa na kijana wa shule kwa nini mauaji haya yalizuka, na kwa nini yalizuka wakati ule na si wakati mwingine, wengi wetu hutoa majibu matatu mepesi.

Jibu la kwanza ni kwamba huu ni ushirikina wa watu wasiosoma. La pili ni kwamba hizi ni mila za kabila fulani. La tatu, ambalo hutolewa na watu wanaojiona wamechambua zaidi, ni kwamba hapa hapana chuki hata kidogo: muuaji hamchukii anayemuua, anatafuta fedha tu, kama mwizi wa ng'ombe asivyomchukia ng'ombe.

Kila jibu katika haya lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana linapotosha. Katika makala hii tunataka kuonyesha jambo moja: kwamba bei haiwezi kuwekwa juu ya mwili wa mtu mpaka kwanza jirani zake wawe wamekwisha kumtoa katika hesabu ya watu. Chuki hutangulia, soko hufuata. Anayengoja soko ndipo apambane, amechelewa.

Tunaandika kutoka Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, mahali ambapo maji ya mto huteremka kuelekea bwawa la Mindu yakanywewe na mji wa Morogoro. Msomaji anaweza kuuliza: mbona mauaji mengi yalitokea Kanda ya Ziwa, katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Geita, Simiyu na Kagera, Morogoro inahusikaje? Tumeichagua Morogoro kwa makusudi. Ni rahisi mno kwa mtu wa mashariki kunyoosha kidole magharibi na kusema, "Hayo ni ya kwao." Tunataka kuanza na ya kwetu.

Hali Halisi

Ualbino ni hali ya kurithi. Mtoto huzaliwa nao anapopokea chembe yake ya urithi kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Mara nyingi wazazi wenyewe hawana dalili yoyote, wala hawajui kama wanaibeba. Mwili wa mtoto huyo hutengeneza kidogo sana, au hautengenezi kabisa, ile rangi inayoikinga ngozi na macho dhidi ya jua. Kwa hiyo ngozi yake huungua upesi, na macho yake hayaoni mbali vizuri. Ndiyo maana katika nchi ya jua kali kama yetu hali hii ni ulemavu, na sheria zetu zinamtambua hivyo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba katika Tanzania kuna mtu 1 mwenye ualbino kwa kila watu 1,400 hivi, ambapo Ulaya ni 1 kwa watu 17,000 au zaidi.

Tangu mwaka 2006 hivi ndugu hawa walianza kuwindwa. Kufikia mwaka 2015 idadi ya waliouawa iliyoandikwa ilikuwa imepita 70. Wengine walikatwa mikono au miguu wakiwa hai. Makaburi yalifukuliwa, mpaka familia zikawa zinawazika watu wao chini ya saruji. Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja alipokonywa mikononi mwa mama yake katika mkoa wa Geita akauawa. Baadaye mashambulio yalipungua sana, na wako waliodhani yamekwisha. Mwishoni mwa Mei 2024 mtoto wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa nyumbani kwao wilayani Muleba, mkoa wa Kagera. Mwezi uliofuata mwili wake ulipatikana ukiwa umekatwa viungo. Miongoni mwa watu walioshtakiwa mahakamani alikuwemo baba yake mzazi.

Hicho ndicho kifo chenye kelele. Kipo na kifo cha kimya. Saratani ya ngozi huwaua watu wenye ualbino wengi kuliko panga, na huwaua wakiwa vijana, kwa kukosa kofia, nguo ya mikono mirefu, mafuta ya kujikinga na jua na daktari wa kukitazama kidonda kingali kidogo. Kifo hiki hakiandikwi magazetini wala hakimfikishi mtu mahakamani. Hata hivyo vifo vyote viwili vina mzazi mmoja, naye ni mazoea ya kuona kwamba mtu huyu si wa kuhangaikiwa.

Mtu na Bei Yake

Wazo la kumtia mtu bei halikuletwa Morogoro na waganga wa karne hii. Katikati ya karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi na Ujiji ilipita chini ya milima hii. Hapo Kisabengo, mtawala wa asili ya Uzigua aliyevuma kwa kuteka watu, alijenga mji wenye ngome. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta mji huo ukitawaliwa na binti wa Kisabengo, Simbamwene. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watu walipita hapo wakiwa wamefungwa shingo.

Tujiulize msafara ule ulimtazamaje mtu. Ulimtazama mabega, meno na miguu. Mwenye nguvu alikuwa na bei. Mgonjwa alishushwa bei. Asiyeweza kutembea aliachwa njiani au aliuawa, kwa kuwa hakuwa na faida tena. Katika biashara ya utumwa mtu mwenye ulemavu alikuwa bidhaa mbovu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Lakini sheria hufuta mnada. Haifuti kwa siku moja jicho la mnunuzi. Jicho linalomtazama mtu na kuhesabu viungo vyake lilibaki, likingoja biashara nyingine.

Kigego

Tuje sasa kwenye mila, maana hatuna haki ya kuwasema watu wa Ziwa bila kusema yetu. Neno kigego linajulikana pwani na bara. Ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Katika Ukaguru, upande wa Kilosa na Gairo, ndani ya mkoa huu huu wa Morogoro, wachunguzi wa mila waliandika kwamba mtoto wa namna hiyo, pamoja na mapacha na mtoto aliyetanguliza miguu wakati wa kuzaliwa, alihesabiwa kuwa mkosi kwa ukoo mzima. Wengine waliuawa wangali wachanga.

Hatusemi haya ili kuwatukana wazee wetu. Jamii iliyoishi kwa kutegemea mvua, isiyojua sababu za njaa na ndui, ilitafuta sababu karibu, ikaikuta mdomoni mwa mtoto. Lakini kada wa leo lazima aone mambo mawili.

La kwanza: kigego aliuawa kwa hofu, hakuuawa kwa biashara. Hakuna aliyenunua meno yake. Jamii ilidhani inajiokoa. Kwa hiyo anayesema mauaji ya watu wenye ualbino ni mila ya kale tu hajatazama vizuri. Hofu juu yao ni ya zamani na imeenea sehemu nyingi; biashara ya viungo vyao kwa kiasi tulichokiona ni jambo jipya. Kilicho cha zamani ni kumhesabu mtoto kuwa si mtu kamili kwa sababu ya mwili aliozaliwa nao.

La pili: mila ya kigego imekufa. Leo pale Mzinga mama akimpeleka mtoto kliniki, muuguzi humpima uzito na kumchanja. Hakuna anayeulizia jino lipi lilitangulia. Haikufa kwa amri moja ya mkuu wa wilaya. Iliuawa na zahanati, na shule, na mahubiri, na sheria, na zaidi ya yote na mama waliokataa kuwatoa watoto wao. Tunalisisitiza hili kwa sababu wako wanaosema, "Imani za watu hazibadiliki." Zinabadilika. Zilikwisha kubadilika hapa hapa.

Kutoka Hofu hadi Soko

Basi soko lilizaliwaje? Hapa inatupasa kuwa wakweli, hata pale ukweli unapotuuma wenyewe.

Wako ndugu wanaopenda kusema kwamba enzi za Ujamaa nchi ilikuwa safi, na kwamba damu ilikuja na soko huria baada ya makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa. Takwimu zinatusuta. Kati ya mwaka 1970 na 1984, wakati Azimio la Arusha likiwa dira yetu, Serikali ilihesabu Tanzania Bara vifo zaidi ya 3,600 vilivyotokana na tuhuma za uchawi. Sehemu kubwa ilikuwa Usukumani, na waliouawa wengi walikuwa wanawake. Bibi kizee aliyeivisha macho mekundu kwa moshi wa kuni na samadi aliitwa mchawi, akakatwa mapanga. Tulihamisha watu, tukajenga vijiji, tukafuta ujinga wa kusoma na kuandika kwa kiasi cha kujivunia. Lakini hofu iliyokuwa moyoni mwa mwanakijiji tuliidharau, tukaiita ushirikina, tukapita. Tulidhani itaondoka yenyewe.

Hata hivyo, lipo badiliko ambalo mchambuzi hawezi kulikwepa. Bibi kizee aliuawa kama kigego, kwa hofu na kwa visasi, na wakati mwingine kwa tamaa ya shamba lake. Mwili wake haukuuzwa. Katika miaka ya mwisho ya 1990 na ya mwanzo ya 2000 mkoa wa Mbeya ulishtushwa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi. Hapo ndipo wengi wetu tulisikia kwa mara ya kwanza habari za mnunuzi. Miaka michache baadaye ikawa zamu ya watu wenye ualbino.

Miaka ile Kanda ya Ziwa ilikuwa imefunguliwa kwa fedha za haraka. Minofu ya sangara ilisafirishwa Ulaya kwa ndege. Baada ya Sheria ya Madini ya mwaka 1998 migodi mikubwa ilifunguliwa Geita na Bulyanhulu, na wachimbaji wadogo wakabaki wakigombea maeneo yaliyosalia. Mkulima hujua kwamba akipalilia mara mbili atavuna zaidi ya aliyepalilia mara moja. Mchimbaji mdogo hana hesabu hiyo. Watu wawili huchimba mashimo mawili yanayopakana, kwa jasho lile lile. Mmoja anatoka tajiri, mwingine anatoka na deni. Mvuvi naye hutupa nyavu gizani. Pale ambapo jasho na mapato vimeachana, mtu hutafuta kinachoviunganisha, na mpiga ramli yuko tayari kumuuzia. Ndipo ulipoenea uvumi kwamba mfupa ukifukiwa mgodini dhahabu itapanda, na kwamba nywele zikifumwa katika wavu samaki watajaa.

Tusiwasahau wateja wa juu. Mchimbaji maskini hana mamilioni ya kulipa. Ripoti ya Msalaba Mwekundu ya kimataifa ya mwaka 2009 ilitaja dola 75,000 kuwa bei ya viungo vyote vya mtu mmoja. Iwe bei hiyo ilipata kulipwa au haikulipwa, uvumi wake peke yake uliua, maana kila aliyeusikia aliona utajiri ukitembea barabarani. Vijana wa mitaani wakaanza kumwita mtu mwenye ualbino "dili". Tulitafakari neno hili. Kigego lilikuwa jina la hofu. Dili ni jina la bei. Katika maneno hayo mawili imo historia yote tunayojaribu kuieleza.

Je, Hii ni Chuki?

Sasa tunaweza kumjibu yule anayesema hapana chuki kwa kuwa shabaha ni fedha.

Uhalifu wa chuki ni kosa linalotendwa dhidi ya mtu kwa sababu ya vile alivyo, na ambalo ujumbe wake huwafikia wote wanaofanana naye. Kipimo chake si hasira ya moyoni. Muuaji anaweza kuwa mtulivu kabisa. Kipimo ni kwamba mtu amechaguliwa kwa sababu ya kundi lake, na kwamba kundi lake zima linatiwa hofu. Auawapo mmoja Geita, mtoto wa Morogoro haendi tena shule peke yake. Mwizi wa ng'ombe hamtishi kila mwenye ngozi fulani. Huyu anawatisha wote.

Tena si kweli kwamba jambo hili ni la nchi maskini zenye waganga. Katika Ujerumani ya Manazi, kati ya mwaka 1940 na Agosti 1941, watu wenye ulemavu zaidi ya 70,000 waliuawa kwa gesi katika vituo sita, chini ya usimamizi wa madaktari wenye shahada. Kabla ya hapo watoto wa shule walifundishwa hesabu kwa kupiga gharama ya kumlisha mgonjwa mmoja. Huko Sagamihara, Japani, Julai 2016, mtu aliyewahi kufanya kazi katika nyumba ya kutunza watu wenye ulemavu alirudi usiku akawaua 19 kwa kisu. Alikuwa amekwisha kuandika barua ya kueleza kwamba watu wa namna ile waondolewe kwa faida ya nchi. Hapakuwa na ramli Ujerumani wala Japani. Palikuwa na hesabu ile ile: huyu ni mzigo, huyu hana faida. Kwetu hesabu iligeuzwa upande wa pili: huyu hana faida akiwa hai, ana faida akiwa vipande. Msingi ni mmoja.

Jembe la Mkono na Neno "Mzigo"

Dharau haitoki hewani. Ina mizizi katika uzalishaji mali. Katika mteremko wa Uluguru mtu hupimwa kwa jembe. Mwenye kulima tangu alfajiri hadi alasiri chini ya jua ndiye mtu. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mtoto hupata haki ya ardhi kwa wajomba zake. Kwa hiyo hata baba akimkana mtoto mwenye ualbino kwa kudai si damu yake, ukoo wa mama ungali unamtambua. Hilo ni jambo jema, na linaonyesha kwamba mila zetu zinazo silaha za utetezi pia. Lakini haki ya shamba haimsaidii mtu ambaye jua linamuua shambani. Jirani humwona kivulini saa tano, akasema mvivu. Mwaka wa pili akasema mzigo.

Shule huongezea. Mtoto asiyeona ubao huketishwa nyuma, anashindwa mtihani, kisha kushindwa kwake kunatolewa kuwa ushahidi kwamba watu wa aina yake hawana akili. Kumbe alihitaji dawati la mbele na maandishi makubwa.

Sisi wenyewe tulichangia. Azimio la Arusha lilipotaja watu wanaoruhusiwa kuishi bila kufanya kazi liliwaweka vilema pamoja na watoto wadogo na wazee wasiojiweza. Nia ilikuwa huruma, na huruma ile ilikuwa ya kweli. Lakini mtu aliyesamehewa kazi katika nchi inayosema kazi ndiyo kipimo cha utu, amesamehewa na utu vilevile. Mwaka 1982 tulianza kusahihisha: sheria ya ajira ya walemavu ilitaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi atenge asilimia 2 ya nafasi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikataka asilimia 3 kwa mwajiri mwenye watu 20 au zaidi. Hata lugha ilibadilika, kutoka vilema kwenda watu wenye ulemavu, kutoka zeruzeru kwenda watu wenye ualbino. Wako wanaocheka mabadiliko haya wakisema ni maneno tu. Muuaji naye alianza na neno tu.

Tulichofanya na Tulichokiacha

Haki itendeke pia kwa yaliyofanyika. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alikemea mauaji hadharani, akamteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa Mbunge. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mwenye ualbino, kuwa Mbunge wao. Hakuwa wa chama chetu, na heshima ya tukio hilo haipungui kwa sababu hiyo. Mwaka 2015 Abdallah Possi aliteuliwa Naibu Waziri. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu adhabu ya kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 13 wa Bukombe, na hukumu nyingine zikafuata. Huko Moshi, hospitali ya KCMC ilianza kutengeneza mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili ya ngozi hizi.

Lakini hatua nyingi zilikuwa za zimamoto. Mwaka 2009 leseni za waganga wa jadi zilifutwa, kisha mwaka uliofuata marufuku ikaondolewa. Anayetibu kwa mizizi na anayetajia watu wachawi walitiwa kapu moja, wakatolewa katika kapu moja. Machi 2009 wananchi walipiga kura za siri kutaja watuhumiwa. Kura ya siri inaweza kumtaja muuaji, na inaweza pia kumtaja adui wa mpaka wa shamba. Watoto walikusanywa katika vituo kama Buhangija mjini Shinyanga. Waliokolewa na panga, lakini wengi walikaa miaka mbali na mama zao, nyuma ya ukuta, kana kwamba wao ndio wahalifu. Mhalifu alibaki kijijini, huru, na kijiji kilibaki na mawazo yake. Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba nchi yetu ilishindwa kutimiza wajibu wake wa kuwalinda. Mwanamapinduzi hakasiriki akionyeshwa kosa lake. Huliandika na kulirekebisha.

Ngozi na Mazimbu

Hatuwezi kuandika kutoka Morogoro tukaacha jambo moja. Mwaka 1969 chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mkuu wa mashauriano katika mji huu. Kuanzia mwaka 1978 huko Mazimbu palijengwa shule ya Solomon Mahlangu kwa ajili ya vijana waliokimbia nchi ambayo, kwa sheria ya mwaka 1950, iliandikisha kila mtu kwa rangi ya ngozi yake. Mwaka 1992 majengo yale yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Watu wa Morogoro walitoa ardhi, wakala pamoja na vijana wale, wakaoana nao, wakazika wafu wao. Hawakufanya hivyo kwa sababu walikuwa matajiri. Walifanya kwa sababu walikubali kwamba ngozi si kipimo cha mtu. Swali tunalowaachia wanafunzi ni jepesi kulitamka na gumu kulikwepa: tuliwezaje kumpokea mtoto aliyekimbia Soweto kwa ajili ya ngozi yake, kisha tukamwacha mtoto wetu akimbie kijiji chake kwa ajili ya ngozi yake? Kama ubaguzi wa ngozi ulikuwa adui kule Pretoria, hauwi desturi ukifika Geita, wala hauwi mzaha ukifika kituo cha basi cha Msamvu.

Wajibu wa Kada

Uchambuzi usiozaa kazi ni anasa. Kutokana na haya tuliyoyaeleza, kazi inaonekana wazi, nayo inaanzia katika shina.

Mosi, balozi awajue watu wake. Katika mashambulio mengi mpelelezi wa kwanza wa muuaji ni jirani au ndugu, anayejua mtoto analala chumba gani na baba anarudi saa ngapi. Anayeweza kumtambua mpelelezi huyo mapema ni jirani mwingine. Na uchunguzi ukianza, shina lisinyamaze kwa kisingizio cha kuficha aibu ya ukoo.

Pili, kada asilipitishe neno. Akisikia "dili" kijiweni asicheke, wala asiondoke kimya. Asirudierudie habari za bei pia, maana kila anayetangaza bei bila kuihoji anatangaza soko.

Tatu, kazi ipangwe kwa mwili wa mtu. Kulima alfajiri na jioni, kupewa kazi za kivulini, ufundi, stoo, ofisi, ualimu. Haya hayahitaji msaada wa nje. Mafuta, kofia na miwani viwe katika hesabu ya zahanati kama dawa nyingine yoyote, na dawati la mbele liwe haki ya mtoto, lisitegemee hisani ya mwalimu.

Nne, viongozi wajisafishe. Kila uchaguzi unapokaribia, familia za watu wenye ualbino huingiwa na hofu mpya. Hofu hiyo ni hukumu juu yetu wanasiasa wote, wa vyama vyote. Anayekwenda kwa mpiga ramli kutafuta kura amekwisha kuikubali nadharia ya muuaji, hata kama yeye mwenyewe alipewa hirizi ya majani tu.

Tano, mtu mwenye ualbino asiwe mada ya kikao tu. Awe mjumbe wa kikao. Awe balozi, katibu, mwenyekiti. Dharau iliyojengwa kwa miaka haibomolewi na hotuba. Huanza kubomoka pale watu wanapomzoea mwenzao akiwaongoza.

Hitimisho

Pale Mzinga kipo kiwanda cha Shirika la Mzinga, lililoundwa mwaka 1974 ili nchi ijitengenezee zana za kujilinda. Hilo lilikuwa jambo la busara, maana nchi isiyojilinda hutawaliwa. Lakini risasi hailindi kila kitu. Mtoto wa Muleba hakuuawa na jeshi lililovuka mpaka. Alichukuliwa nyumbani kwao.

Mila ya kigego ilikwisha katika milima hii kwa sababu mama mmoja alikataa, kisha wa pili, kisha jirani zao wakasimama nao mlangoni. Soko la viungo litakwisha kwa njia hiyo hiyo. Serikali ina polisi wake na mahakama zake, nazo zifanye kazi yake bila kuchoka. Kazi yetu sisi ni ya siku zile kabla polisi hajaitwa.